Kasha la risasi lililobonyea si kazi ya fundi wa sufuria

KATIKA vibanda vya jua kali mjini Kakamega, chuma kilichobonyea hakimtishi mtu. Sufuria iliyoanguka, mlango wa gari uliogongwa na bodaboda au mkebe wa maziwa wa alumini huwekwa juu ya fuawe na kugongwa kwa nyundo ya mti hadi mwenyewe aridhike.

Hata hivyo, kuna kipande kimoja cha bati ambacho fundi wa aina hiyo anapaswa kukikataa, hata kama kimeletwa na mtu aliyevaa sare. Nacho ni kasha la risasi la bunduki, ambalo wengi hulijua kwa jina la magazini. Sababu ya kwanza imo katika chuma chenyewe. Ya pili imo katika Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya.

Kwa macho, kasha hilo ni kitu duni: kopo refu la bati, springi, na kibao kidogo kinachosukuma risasi juu. Juu kabisa kuna kingo mbili zilizokunjwa kwa ndani, ambazo mafundi wa silaha huziita midomo. Midomo hiyo huzuia risasi zisiruke nje, na papo hapo huilenga kila risasi ili iingie katika mtutu kwa pembe inayofaa.

Kazi hiyo hufanyika kwa kasi ya ajabu. Bunduki ya AK-47, ambayo kasha lake la kawaida hubeba risasi 30, hufyatua kwa mwendo wa takriban risasi 600 kwa dakika, yaani kumi kwa sekunde moja. Katika sehemu ndogo tu ya sekunde, springi lazima iwe imeinua risasi inayofuata kabla ya bolti kurudi mbele kuisukuma.

Ubavu wa kasha ukibonyea kuelekea ndani, hata kwa kiasi kidogo, risasi au kibao hukwaruza mahali hapo na kuchelewa. Bolti hupita mahali patupu, au huikuta risasi ikiwa imesimama nusu na kuikaba katikati. Bunduki hukwama. Kwa mwindaji hilo ni usumbufu tu. Kwa askari aliyekabiliwa na majambazi huenda likawa jambo la mwisho analolishuhudia.

Waundaji wa silaha walilitambua tatizo hilo mapema. Makasha ya kwanza ya AK-47 yalikuwa na ubavu laini na yalitengenezwa kwa bati nene. Baadaye Warusi walitumia bati jembamba zaidi, lakini wakalipiga chapa ya mbavu, kama mabati ya kuezekea nyumba yanavyotiwa migongo ili yasipinde. Kasha likawa jepesi bila kupoteza uimara. Bunduki ya G3 ya Ujerumani, ambayo vikosi vya Kenya vimeitumia kwa miaka mingi, ilianza na kasha la chuma la risasi 20, kisha likaja la alumini. Alumini humpunguzia askari mzigo, ila hubonyea upesi.

Je, kwa nini lisigongwe likarudi lilivyokuwa? Fundi wa sufuria anajua jibu, ingawa katika kazi yake halimdhuru mtu. Bati linapogongwa halirudi tu mahali pake. Hukonda na kutanuka. Sufuria ikitanuka kidogo, ugali utapikika vile vile. Kasha likitanuka, ama halitaingia katika bunduki, ama litaingia na lisitoke. Kwa sababu hiyo, katika karakana za silaha ubavu uliobonyea hunyooshwa kwa kupitisha ndani yake kipande kigumu kilichochongwa kwa umbo lile lile la kasha, baada ya springi na kibao kutolewa.

Midomo ni habari nyingine kabisa. Ile ya chuma huwa imekomazwa kwa moto kiwandani. Ikikunjwa kwa koleo huweza kupata ufa usioonekana, na ikipashwa moto kwa gesi ya kuchomelea ukomavu wake hupotea. Ikiachana mno, risasi mbili hutoka kwa pamoja. Ikibanana, hakuna inayotoka. Kasha lenye midomo iliyoharibika hutupwa.

Kwa upande wa sheria, tafsiri ya silaha haiishii kwenye bunduki nzima. Inajumuisha pia sehemu zake. Sheria hiyo hiyo inamtaka mtu anayefanya biashara ya kutengeneza au kukarabati silaha awe amesajiliwa kuwa mfanyabiashara wa silaha. Leseni ya kibanda kutoka kaunti haimwingizi fundi wa jua kali katika kundi hilo, wala kusema kwamba aliona kopo tu la bati si kinga ya kutegemea.

Hatari iliyo karibu zaidi na wakazi wengi haitokani na askari bali na mizani ya vyuma vikuukuu. Biashara hiyo, iliyopigwa marufuku Januari 2022 baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na kuruhusiwa tena Mei mwaka huo, hununua kwa kilo, na kasha lenye kutu huweza kuchanganyika na mabati mengine bila mtu kulitambua. Anayelikuta asiligonge, asilifungue wala kulihifadhi nyumbani, hasa likiwa bado na risasi ndani. Aliache lilipo, awazuie watoto kulikaribia, na kupiga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Mwenye cheti cha kumiliki silaha hulipeleka kasha lake kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Askari wa polisi, au walinzi wa KWS na KFS wanaolinda Msitu wa Kakamega kuanzia Buyangu hadi Isecheno, hulirudisha katika ghala la silaha. Wapo wanaoona haya kufanya hivyo kwa kuogopa kutozwa gharama ya mali ya serikali. Bei ya kasha jipya, hata hivyo, ni ndogo mno ikilinganishwa na ya bunduki inayolitumia, na fundi wa ghala hahitaji zaidi ya dakika chache kuamua kama lililoletwa litanyooshwa au litapondwa kabisa lisitumike tena.