Wakala wa mpakani: usimkabidhi mzigo kabla hujajua haya

Wapambanaji wenzangu, leo naongea na nyie mnaouza mtandaoni na oda zimeanza kuingia kutoka nje ya nchi.

Mimi nina kaduka Ngarenaro, hapa Arusha. Viatu vya shanga natengenezewa na kina mama wa Ngaramtoni, kule chini ya Mlima Meru, picha naposti mwenyewe. Siku moja dada wa Nairobi akaagiza pea 40, kila pea 25,000. Milioni moja! Sijawahi kupata oda kama hiyo. Kina mama nikawaahidi hela yao Ijumaa.

Nikapanda Noah mpaka Namanga. Kushuka tu, kijana akanidaka: "Dada, mimi wakala, nipe 80,000 ukae pale unywe soda." Hata jina la kampuni sikuuliza. Kwenye fomu akaandika pea 20, eti ananipunguzia gharama. Afisa kuhesabu, 40. Mzigo ukazuiliwa. Nageuka, kijana hayupo, simu haipatikani.

Nikalia kwamba siyo mimi niliyeandika. Haikusaidia. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasema mwenye mali anawajibika kwa anachofanya na anachoandika wakala aliyemruhusu. Faini nikalipa mimi, na kina mama wakasubiri hela yao wiki nzima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wakala sikumhitaji kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao makuu yake yapo hapa hapa Arusha, ina utaratibu rahisi kwa sisi wadogo. Mzigo usiozidi dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha yao, unapewa cheti cha uasili pale pale mpakani. Fomu unajaza mwenyewe, ushuru wa forodha hulipi. Ila cheti hakifuti VAT, na pochi za China ulizonunua Kariakoo hazigeuki kuwa za Tanzania.

Mzigo ukizidi hapo, sasa tafuta wakala. Mkague hivi:

1. Leseni. Wakala wa forodha anapewa leseni na TRA, na inaisha 31 Desemba kila mwaka. Ya mwaka jana siyo leseni. Tafuta jina la kampuni yake kwenye orodha ya TRA.

2. Ofisi. Nenda ukaione. Anayefanyia kazi chini ya mti ni kishoka.

3. Hela. Ada yake iandikwe peke yake, kodi peke yake. Kodi inalipwa kwa kontroo namba, haitumwi kwenye simu ya mtu.

4. Fomu. Isome kabla haijatumwa: idadi, thamani, bidhaa imetoka wapi. Akikwambia "tupunguze kidogo", chukua mzigo wako uondoke.

5. Upande wa pili. Muulize nani atasimamia mzigo Kenya. Pale Namanga maafisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi pamoja, lakini kila nchi ina taratibu zake.

Yule dada wa Nairobi bado mteja wangu. Siku hizi fomu najaza mwenyewe, na ile 80,000 inabaki Ngaramtoni kununua shanga.

Kama una mwenzako ana mzigo wa kuvuka wiki hii, mtumie hii kabla hajapanda Noah.