Waya Mita 40, Kuku Wengi: Hii Hesabu Itakuokolea Doo

Swali la mtihani likianza na mkulima na waya wake, wasee wengi huruka. Usiruke, hizo ni maksi za bure.

Cheki hii. Uko na waya ya mita 40, unataka kujenga boma la kuku kando ya ukuta. Ukuta tayari ni upande mmoja, so unazungushia pande tatu tu. Upana uite x. Pande mbili zinakula 2x, urefu unabaki 40 − 2x. Sasa hutafuti vitu viwili, ni kimoja:

Eneo = x(40 − 2x)

Siri iko hapo. Eneo ni sufuri x ikiwa 0, na pia ikiwa 20. Grafu yake ni kilima kilicholingana kushoto na kulia, so kilele kiko katikati: x = 10. Urefu unakuwa 20, eneo mita 200 za mraba.

Ungejenga mraba, kila upande ungekuwa kama mita 13.3, eneo karibu 178. Waya ni ile ile, doo ni ile ile, lakini kuku wako wamebanana.

So kwanza chora, kisha andika kila kitu kwa x. Zingine zitajipa.