Mboni ya Jicho Hutoa Habari za Ubongo
Sote twawajua vijana wa baiskeli wanaoteremka kwa kasi kutoka Bugarama kuja Bujumbura, wamepakia ndizi, vichwa wazi. Ubongo wa mtu mzima, wenye uzito wa kilo 1.4 hivi, umo ndani ya fuvu lisilotanuka. Umeunganishwa na jozi 12 za mishipa ya fahamu. Jozi ya tatu ndiyo isinyazayo mboni za macho. Mtu akianguka, damu yaweza kuvujia ndani ya fuvu, ikaubana ubongo na mshipa huo. Mboni moja ikapanuka. Basi aliyejigonga akisema, "Mimi mzima," kisha akasinzia, tusidhani amechoka tu. Tumkimbize hospitalini, shingo yake isitikiswe. Na kabla ya safari, tuvae kofia ngumu.