Mapenzi Yasiyo na Mshenga

Katika uhakiki wa riwaya ya mahaba, yaani masimulizi ambayo kiini chake ni safari ya wapendanao wawili mpaka wakutane au waachane, uhusiano huitwa unaojenga pale ambapo kila mmoja anaweza kukataa jambo bila kuogopa adhabu, na huitwa unaobomoa pale ambapo mmoja anatawala nyendo, fedha, marafiki au siri za mwenzake, hata kama anayetawaliwa amekwisha kuyaita hayo mapenzi. Kipimo hiki kimezoeleka katika hadithi za mume na mke. Kikipelekwa kwenye hadithi za wapendanao wa jinsia moja hukwama mapema, kwa sababu usiri, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa dalili ya uhusiano mbovu, kwa wahusika hao ni sharti la kubaki salama.

Ugumu huo unaonekana wazi ukitazamwa kutoka Arua na Koboko, katika pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, ambako ndoa kwa Walugbara na Wakakwa ni jambo la koo mbili kabla ya kuwa jambo la watu wawili. Mahari hujadiliwa na wazee. Mke anayeteswa ana kwao pa kurudi, ana wajomba wa kumsemea, na kuna mifugo iliyotolewa ambayo inaweza kudaiwa irudishwe. Ni kweli kwamba vikao vya namna hiyo mara nyingi humwegemea mwanamume, lakini angalau ni mahali pa kutolea lalamiko. Wapendanao wa jinsia moja, katika hadithi kama ilivyo nje ya hadithi, hawana mshenga wala somo, na mmoja akimdhulumu mwenzake hakuna jamvi litakalotandikwa.

Sheria imeliziba pengo hilo kwa upande usiofaa. Sheria ya Uganda dhidi ya ushoga, iliyotiwa saini tarehe 26 Mei 2023, inaadhibu hata kile inachokiita kuukuza ushoga kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20. Mahakama ya Katiba, katika hukumu ya tarehe 3 Aprili 2024, iliondoa vifungu vichache, kikiwemo kile kilichowalazimisha watu kutoa taarifa kwa polisi, lakini ikaiacha sehemu kubwa ya sheria isimame. Kwa mhakiki wa fasihi, matokeo yake ni kwamba kuna aina ya unyanyasaji ambayo riwaya ya mume na mke haiijui kwa kiasi hicho: mpenzi anayesema, kwa upole kabisa, kwamba akiachwa atawaambia watu. Katika hadithi yoyote iliyowekwa katika mazingira kama haya, msomaji hana budi kuuliza siri imefichwa dhidi ya nani. Wawili wakiificha pamoja dhidi ya mtaa, siri hiyo ni ukuta wa nyumba yao. Mmoja akiishika juu ya kichwa cha mwenzake, imegeuka kuwa rungu.

Hadithi ya Uganda inayofaa zaidi kupimwa hivyo ni “Jambula Tree” ya Monica Arac de Nyeko, iliyompatia Tuzo ya Caine mwaka 2007 na kumfanya Mganda wa kwanza kuipata. Jambula ndio mzambarau wa Waswahili. Chini ya mti huo, usiku, katika mtaa wa nyumba za Nakawa jijini Kampala, Anyango na Sanyu wanafumaniwa na jirani, Mama Atim, na baadaye Sanyu anapelekwa London. Hadithi nzima ni maneno ya Anyango kwa Sanyu, na hapo ndipo panapostahili kukaa kwa muda, kwa maana wasomaji wengi huliona penzi lao kuwa safi na kumwona adui mmoja tu, yaani mdomo wa mtaa. Hukumu hiyo ni ya haki, ila imetolewa kwa ushahidi wa upande mmoja: Sanyu hajipi kauli mwenyewe, ushujaa wake umesimuliwa na anayemkosa, na miaka ya London imebaki kimya. Anayeachwa huwa mkarimu kwa aliyeondoka. Hilo halimfanyi Anyango kuwa mwongo. Linaonyesha tu kwamba mwandishi amechora uchungu wa kutenganishwa, na hakudai kuchora maisha ya wawili wanaokaa chumba kimoja na kugombania kodi.

Wanuri Kahiu alipoigeuza hadithi hiyo kuwa filamu ya Rafiki mwaka 2018, akaihamishia Nairobi na kuwaita wasichana wake Kena na Ziki, bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, na mwongozaji huyo alieleza kwamba alitakiwa abadili mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Takwa hilo linafundisha kuliko makala nyingi za uhakiki. Mwisho wa huzuni na uhusiano unaobomoa ni vitu viwili tofauti, ila mdhibiti anavitaka vifungwe pamoja ili mtazamaji aamini kwamba wapendanao waliangamia kwa sababu ya penzi lenyewe, si kwa sababu ya kipigo cha umati. E. M. Forster wa Uingereza alilijua hilo mapema: riwaya yake Maurice, aliyoiandika mwaka 1913 na 1914, ilichapishwa mwaka 1971, baada ya kifo chake, na yeye mwenyewe alieleza kwamba mwisho wa furaha ndio uliofanya iwe vigumu kuitoa.

Kosa la upande wa pili ni la marafiki wa fasihi hii, ambao kwa kuchoshwa na misiba wanataka kila jozi iwe mfano wa kuigwa. Nchini Japani, katika visa vya picha vya mapenzi ya wanaume vinavyoitwa yaoi, ambavyo waandishi na wasomaji wake wengi ni wanawake, kulazimishana kimwili kulichorwa mara nyingi kama mlango wa mahaba, na mwaka 1992 mwanaharakati Masaki Satō aliwashutumu waandishi hao kwa kuwachora wanaume wasiofanana na yeyote aliye hai. Shutuma ilikuwa na uzito, lakini dawa yake haikuwa kunyamazia ubaya. Mmarekani Carmen Maria Machado, katika kumbukumbu zake In the Dream House za mwaka 2019, alisimulia mateso aliyoyapata kwa mpenzi wa kike, akaonyesha jinsi kumbukumbu za namna hiyo zilivyo chache, kwa kuwa walioteswa waliogopa kuwaongezea adui zao silaha.

Kiswahili, lugha ambayo Koboko inaitumia bega kwa bega na Kikakwa, Kinubi na Lingala, kina chombo cha upimaji ambacho Kiingereza hakina. Chukua sentensi hii: “Alimpokonya simu, akasoma ujumbe wote, akamrudishia, akambusu kwenye paji la uso.” Mfasiri wa Kiingereza kwa kawaida analazimika kuamua jinsia tangu neno la kwanza, na msomaji wake anaanza kuhukumu watu kabla ya tendo. Msikilizaji wa Koboko bado hajui kama ni mume na mke, wanawake wawili au wanaume wawili. Amekwisha kuona tu kwamba simu imepokonywa, na anasubiri kusikia mwenye simu atasema nini.