Betri ya Kamera Ikivimba, Usiitumbue

Kila asubuhi magari ya watalii hupanda kutoka Karatu kuelekea lango la Lodoare, na ni nadra kukuta gari lisilo na kamera ndani. Mjini Karatu kwenyewe wapo wapiga picha wanaoendesha maisha kwa harusi, Komunyo ya Kwanza, mahafali na picha za vitambulisho. Parokia na shule nazo huwa na kamera ya kumbukumbu. Kamera hizi zote hutegemea kitu kidogo kinachotoshea kiganjani, yaani betri ya lithiamu ya kuchaji. Siku moja mwenye kamera hugundua kuwa betri imenenepa ubavuni. Haiingii tena mahali pake, au imo ndani na haitoki.

Sisi tumezoea kutengeneza vitu. Tairi likiisha huwa ndala, na redio iliyokufa hufunguliwa ikapona. Ni tabia njema, na imetuokolea fedha nyingi. Lakini betri iliyovimba haitengenezeki, na anayejaribu kuiokoa anaweza kupoteza kamera, vidole, hata nyumba. Tuone kwa nini, kisha tuone la kufanya.

Uvimbe unatoka wapi

Betri za aina hii zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991. Wanasayansi watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndani ya kila seli kuna karatasi mbili nyembamba za madini, moja ya shaba iliyopakwa grafiti na nyingine ya alumini iliyopakwa mchanganyiko wenye lithiamu. Katikati yake kuna utando wa plastiki, na vyote vimeloweshwa kwa kimiminika kinachoweza kushika moto.

Tunapochaji, chembe za lithiamu huhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Tunapopiga picha, hurudi. Kimiminika kile kikizeeka, kikipata joto kali au kikichajiwa kupita kiasi, huvunjikavunjika na kutoa gesi. Seli imezibwa pande zote, kwa hiyo gesi haina pa kutokea. Ni kama togwa iliyofungwa kwenye chupa ingali inachacha: chupa hutuna. Tofauti ni kwamba gesi ya betri nyingi yake huwaka, na ule utando wa katikati ukitoboka, pande mbili hugusana, shoti hutokea na joto hupanda kwa sekunde chache tu.

Mazingira yetu yanachangia nini

Karatu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Alfajiri pale juu ni baridi, na betri huonekana kuisha upesi. Huo si ugonjwa. Ikipata joto la mfuko wa koti, nguvu hurudi.

Adui ni joto. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani linaweza kupita nyuzi 50 ndani, na juu ya dashibodi huzidi hapo. Kati ya Januari na Machi, nyumbu wanapozaa kwenye nyika za Ndutu, wapiga picha hushinda porini huku betri zikichajiwa garini mchana kutwa. Betri ikichajiwa ikiwa imeshapata joto, inaumia mara mbili.

La pili ni chaja. Chaja nzuri husimamisha umeme seli inapofika volti 4.2. Betri nyingi za kamera kubwa zina seli mbili zilizounganishwa, hivyo kikomo ni volti 8.4. Chaja bandia inaweza kupitiliza, na betri bandia inaweza kukosa kibao kidogo cha ulinzi kinachokata umeme mambo yanapoharibika.

La tatu husahaulika: betri iliyoachwa tupu kwa miezi. Kamera ya parokia inayotumika Pasaka kisha ikalala kabatini hadi Krismasi huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo hata ikiwa imezimwa. Seli ikishuka mno, shaba ya ndani huanza kuyeyuka. Siku inapochajiwa tena, madhara hujitokeza, na uvimbe ni mojawapo.

Jinsi ya kuitambua

Ilaze betri juu ya kioo au meza iliyonyooka. Betri nzima hutulia. Iliyovimba hupepesuka, na ukiisukuma kidogo huzunguka kama pia. Dalili nyingine ni mfuniko wa kamera usiofunga, betri inayoingia kwa kulazimishwa, plastiki iliyoachana kwenye kiungo, au harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Uvimbe mdogo nao ni uvimbe. Betri hiyo imestaafu, hata kama bado inawasha kamera.

Mambo manne ya kuepuka

Usiichaji tena, hata kwa dakika tano za kumalizia kazi.

Usiibonyeze wala kuikandamiza kwa mfuniko ili iingie.

Usiitumbue. Betri si jipu. Sindano inayotoa gesi ndiyo hiyo hiyo inayotoboa utando na kuleta shoti.

Usiitupe kwenye shimo la taka. Nyumbani kwetu taka huchomwa, na betri iliyofichwa kati ya maganda na karatasi hulipuka mbele ya anayechoma, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana wa kazi. Chooni nako hapafai, kwani kemikali zake huishia ardhini.

Ikikwama ndani ya kamera

Zima kamera, toa lenzi na kadi ya kumbukumbu. Fanya kazi nje au kwenye sakafu ya saruji, mbali na jiko, mafuta na mapazia. Fungua mfuniko, sukuma kishikizo, geuza kamera mdomo chini na uigongegonge taratibu kiganjani. Ikitokeza kidogo, bandika selotepu pana na imara kwenye kichwa cha betri, kisha vuta kwa utulivu. Bisibisi, kisu na koleo viache kando. Kuiweka kwenye friji hakusaidii, maana unyevu utakaojitengeneza utaharibu kamera. Ikigoma, mpelekee fundi wa kamera, umweleze mapema kilichomo, ili afungue bodi kutoka nje bila kuichokonoa betri. Bodi ya kamera kupasuka ni hasara ndogo kuliko betri kupasuka.

Ikitoka, funika ncha zake za shaba kwa selotepu. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, na mfuniko usikazwe ili gesi isijikusanye. Kopo likae nje ya nyumba, kivulini, mbali na watoto.

Ikianza kutoa moshi

Ikipata moto yenyewe, ikitoa mlio wa kufukuta au moshi, usiishike. Ondoa watu, fungua milango, usivute moshi wake, kwa kuwa una sumu. Kwa betri ndogo kama hizi maji mengi yanafaa, kwa sababu yanapoza. Mchanga huzuia moto kusambaa lakini haupozi, na betri inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Ipelekwe wapi

Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Msimamizi ni NEMC, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, kilomita kama 140 kutoka Karatu. Piga simu kwanza, uulize mkusanyaji mwenye kibali. Safiri nayo ikiwa katika kopo lake la mchanga, na dereva ajue. Usiifiche kwenye begi ndani ya basi lililojaa watu.

Kwa wageni wanaoruka kutoka kiwanja cha Manyara au Kilimanjaro, sheria za anga ni wazi: betri iliyoharibika au kuvimba haipandi ndege, na betri nzima za akiba hubebwa mkononi, si kwenye mizigo ya chini. Waongozaji watalii wawaambie wageni wao mapema, ili betri mbovu isiachwe kimyakimya kwenye kapu la hoteli au, vibaya zaidi, porini ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Kuzuia ni rahisi zaidi

Nunua betri na chaja kwa muuzaji unayemwamini, na andika mwaka wa kununua kwenye betri. Isubiri ipoe kabla ya kuichaji, na uitoe kwenye chaja ikijaa. Garini, iweke ndani ya begi chini ya kiti, si kwenye dashibodi. Kama kamera italala zaidi ya mwezi, toa betri ikiwa na chaji kama nusu, iweke mahali pakavu penye ubaridi, na uipime kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Betri mpya ni gharama, tena gharama inayouma kwa mpiga picha anayesubiri malipo ya harusi ya wiki iliyopita. Hata hivyo, ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote katika kamera. Mwenye betri iliyovimba ndani ya begi lake aitoe leo, kabla ya kazi inayofuata.