Hajengi Ngome Asiyeogopa

Wageni wafikapo Bagamoyo huonyeshwa Boma la Wadachi kama ushahidi wa nguvu za waliolijenga. Sisi twaona kinyume chake. Mtu hajengi ukuta mnene wenye matundu ya bunduki katika nchi iliyompokea kwa ridhaa. Kila ngome ya mwambao ule yashuhudia habari za watu waliokuwa nje ya ukuta, na hizo ndizo zinazotupasa kuzitunza.

Na tuanzie mbali kidogo. Tarehe 17 Novemba, 1869, Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na safari ya meli kutoka Ulaya, iliyokuwa ikizunguka kusini mwa Afrika yote, ikafupika mno. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu, na wanadamu waliotiwa utumwani, walifika pale na kuvushwa kwa majahazi hadi Unguja. Sasa mlango wa utajiri huo ukawa karibu na mikono ya wakubwa wa Ulaya.

Agosti 1888, Kampuni ya Kidachi ilitwaa utawala wa pwani kwa mapatano na Sultani wa Unguja. Wenyeji hawakuulizwa. Mwezi uliofuata mwambao ukawaka moto: Abushiri bin Salim akashika uongozi Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akashika Saadani. Kampuni ikashindwa, na mwaka 1889 serikali ya Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann. Wengi wa askari wake hawakuwa Wazungu. Yapata 600 walikuwa Wasudani walioandikwa Misri, wakaletwa kwa njia ya Bahari ya Shamu. Wengine walitoka Msumbiji. Hili ni fundisho chungu: Mwafrika alipigwa kwa mkono wa Mwafrika.

Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, 1889. Mwaka uo huo ulijengwa mnara wa Dunda, wa mawe ya matumbawe na chokaa, kuilinda njia ya misafara. Boma lilifuata mwaka 1897. Ngome Kongwe, ambayo hapo kwanza ilikuwa nyumba ya Mwarabu tajiri, nayo ilitiwa askari, kisha ikawa gereza. Na karibu na ufuko ipo alama ya mahali walipokuwa wakinyongwa waliokataa kutawaliwa.

Lakini meli zilizoleta utawala ndizo zilizoukimbia mji. Maji ya Bagamoyo ni haba, na meli za moshi zililazimika kutia nanga mbali. Mwaka 1891 makao ya serikali yalihamishiwa Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Reli ikaanza kujengwa huko mwaka 1905, na misafara ikafa. Bagamoyo ikaachiwa mawe yake.

Na mawe nayo hufa. Sehemu ya Boma iliporomoka kwa mvua kubwa za mwisho wa miaka ya 1990. Sheria ya mambo ya kale tunayo tangu mwaka 1964, lakini sheria peke yake haizuii maji kupenya ukutani. Wahenga walikwisha kutuonya: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wako wasemao: ya nini kutunza majengo ya waliotunyonga? Twawajibu kwamba aliyeibiwa hachomi hati inayomtia mwizi hatiani. Majengo haya yatunzwe, tena kwa chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe la matumbawe. Watoto wa shule wapelekwe Dunda, na jina la kwanza watakalolisikia liwe la Abushiri, kabla ya Wissmann. Waambiwe pia, bila kufichwa, kwamba Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba lililolimwa na watumwa. Taifa lililokomaa haliogopi ukweli wote.

Waliojenga ngome zile walitaka wenyeji wazitazame kwa hofu. Wajukuu wa wenyeji hao wazitazame leo kwa maarifa.