Programu ya biashara ijengwe kidogo kidogo, si kwa mkupuo mmoja

Miaka michache iliyopita, mimi na ndugu zangu watatu tulichanga pesa tukamlipa mtu atutengenezee programu ya duka letu la jumla hapa Mombasa. Tunauza unga, mchele, sukari, mafuta na, Ramadhani ikikaribia, tende. Tulikaa na fundi huyo siku mbili, tukaandika kila tulichotaka, kurasa 14, tukatia sahihi. Bei ilikuwa Sh280,000, na sehemu kubwa tuliitoa siku hiyo hiyo. Akaenda zake. Kwa miezi minane tukawa tunaambiwa kwa simu kwamba kazi inaendelea vizuri.

Programu ilikuja mwezi wa Shaabani, wiki mbili kabla ya mfungo. Kwa macho ilipendeza. Ilikuwa na picha, rangi na ripoti za kila aina. Lakini haikujua kuuza kwa deni. Mteja wa Likoni akichukua magunia kumi, alipe nusu leo na nusu baada ya kuuza, programu ilikataa kufunga mauzo mpaka pesa zote zitimie. Tulipomuuliza fundi, alitutolea karatasi zetu. Neno deni halikuwemo. Kwetu kukopesha ni jambo la kila siku, na haikutupitia akilini kwamba kuna mtu asiyelijua.

Tulirudi kwenye daftari katikati ya msimu. Kuna madeni ya Ramadhani ile ambayo mpaka leo hatuna uhakika nayo, kwa sababu mengine yaliingia kwenye kompyuta na mengine kwenye karatasi. Msomaji Muislamu anajua uzito wa jambo hilo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni.

Kwa muda mrefu nilimlaumu fundi. Leo naona kosa kubwa lilikuwa katika namna tulivyokubaliana kufanya kazi. Tulitaka kujua yote mwanzoni, tulipe, kisha tungoje.

Iko njia nyingine, na wataalamu wanaiita ajaili, yaani kufanya kazi kwa wepesi wa kugeuka. Februari 2001, watengenezaji programu 17 walikutana Snowbird, katika milima ya jimbo la Utah, Marekani, wakaandika ilani fupi. Kwa maneno yangu, walisema wanathamini zaidi watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na zana. Programu inayofanya kazi kuliko rundo la makaratasi. Kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba. Na kukubali mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakusema mkataba au mpango hauna maana. Walisema tu kipi kitangulie.

Kwa vitendo, kazi hukatwa vipande. Kila kipande hupewa muda mfupi, mara nyingi wiki mbili, na mwishoni mwenye mali huonyeshwa kitu anachoweza kukishika na kukitumia. Akisema hapa pamebana, panarekebishwa kabla ya kuendelea. Fundi mzuri wa kanzu hufanya hivyo hivyo: hukuita uijaribu kabla hajamaliza kushona.

Mwenye biashara anapata nini?

Kwanza, hasara huonekana mapema. Sisi tuligundua kosa letu baada ya miezi minane, pesa zikiwa zimekwisha kutoka. Wakubwa pia hupatwa na haya. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliacha mradi wake wa kuweka mafaili ya kesi kwenye kompyuta mwaka 2005, baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mradi uliofuata, Sentinel, nao ulikwama. Mwaka 2010 FBI iliuchukua mikononi mwake, ikapunguza idadi ya watu na kufanya kazi kwa vipande vya wiki mbili. Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika.

Pili, biashara hujifunza kutoka kwa wateja wake wakati kazi ingali inaendelea. Hapa kwetu mfano ni M-Pesa. Sisemi kwamba waanzilishi wake walifuata ilani ile, lakini njia yao yafanana nayo. Jaribio lilianza Oktoba 2005 na wateja wasiofika 500, na nia ilikuwa watu wapokee na kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliopewa huduma hiyo wakaanza kuitumia kwa mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua kwa umma Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangulizwa. Lau wangeng'ang'ania mpango wa kwanza, huenda leo tungekuwa na huduma ya kulipia mikopo tu.

Tatu, hulipii usichokihitaji. Hili nimelishuhudia mwenyewe.

Mwaka uliofuata tulimwita kijana mwingine. Hakutaka kurasa 14. Aliuliza swali moja: "Ni kitu gani kimoja ambacho kikifanya kazi baada ya wiki mbili, mtalala usingizi?" Sote tukajibu: daftari la madeni. Akakaa kaunta asubuhi nzima akitazama watu wakikopa. Baada ya wiki mbili alileta ukurasa mmoja tu, wa madeni, tukamlipa Sh35,000 ya kipande hicho.

Shemeji yangu, ambaye ndiye hukaa kaunta, aliutazama kidogo akamwambia, "Mwanangu, hapa tuna akina Fatma watano. Utamdai yupi?" Kijana akacheka, akaongeza nambari ya simu na lakabu. Kazi ya nusu saa. Kosa kama hilo lingegunduliwa miezi minane baadaye, lingekuwa limeshachanganya hesabu za watu.

Kipande cha pili kilikuwa stoo, cha tatu risiti. Tulipofika cha tano tukasema basi, yatosha. Karibu nusu ya yale tuliyoyaandika zamani hakuna aliyeyauliza tena. Na kwa kuwa shemeji alishiriki tangu mwanzo, hakuna aliyehitaji kumlazimisha kuitumia.

Lakini njia hii ina gharama zake. Mwenye biashara lazima atoe muda. Ukimwambia fundi "wewe endelea tu, nitaona mwisho," umerudi kule kule. Wengine nao hutumia jina la ajaili kuficha kukosa mpango, kila wiki wanabomoa walichojenga wiki iliyopita, na bili inapanda.

Tena si kila kitu hungoja kurekebishwa baadaye. Mafundi wa jahazi wa Lamu huunda chombo kwa jicho, na ubao wakiona haukukaa huutoa. Lakini mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, hawaulazi ovyo. Katika programu ya biashara, mkuku ni usalama wa pesa na siri za wateja. Majina, nambari za simu na madeni ya watu ni amana, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayohusu taarifa kama hizo. Hayo yapangwe siku ya kwanza.

Kwa hivyo, kabla hujatoa pesa, kubalianeni mambo manne. Malipo yafuate kipande kilichokamilika na kujaribiwa dukani. Mtu mmoja wa upande wenu awe na neno la mwisho, ili fundi asivutwe huku na huku. Kipande cha kwanza kiwe kile kinachowauma zaidi. Na msimbo wa programu, data na nywila zibaki mikononi mwenu, ili mkiachana na fundi, duka lisifungwe.

Ramadhani ya kwanza na programu ile mpya tulifunga hesabu usiku wa kuamkia Idi. Kila Fatma alijulikana deni lake.